TABO MPYA KWA TAJIRI, BREKI ZA ZAMANI KWA DEREVA



Siku hizi katika gereji za nyanda za juu, kutoka Limuru mpaka Timboroa, neno linalosikika sana ni tabo. Matajiri wenye pikapu za kubeba viazi, maziwa, kabichi na mbao wameona kwamba gari likipanda mlima na mzigo linalia na kutambaa, nao wanasema dawa yake ni kufunga tabo kubwa kuliko ile ya kwanza, ama kufunga tabo katika injini ambayo haikutoka nayo kiwandani. (Hatusemi juu ya mji wa Turbo ulioko mbele ya Eldoret, ijapokuwa madereva wa njia ile wamekwisha fanya mzaha wa kutosha.) Watu wengi wanalichukua jambo hili kuwa ni la fundi na tajiri peke yao. Sisi twasema ya kuwa ni jambo la chama.

Tuseme wazi kwanza ya kuwa hatupingi tabo. Mtu aliyeendesha pikapu ya dizeli isiyo na tabo kutoka Nakuru kwenda Eldoret na mzigo kamili anajua vile nguvu hupotea baada ya Mau Summit. Amekanyaga mafuta mpaka mwisho, na gari bado linaomba gia ya pili. Kosa hilo si la dereva, na mara nyingi si la injini. Ni hewa. Injini haichomi dizeli peke yake, inachoma dizeli pamoja na hewa, na hewa ya juu ni nyembamba. Mombasa, kando ya bahari, hewa hutusukuma kwa presha ya 14.7, kwa kipimo kile kile tunachotumia kujaza upepo katika magurudumu. Nairobi ni kama 12. Timboroa, penye futi zaidi ya 9,000, ni 10.5 hivi. Kwa hivyo injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila futi 1,000 inazopanda, na injini yenye nguvu za farasi 100 pale Mombasa ikifika Timboroa inabaki na farasi 70 na kidogo. Tajiri amenunua farasi 100 na anataka kuwaona wote 100. Hatumlaumu kwa hilo.

Wala tabo si kitu cha vijana wapenda kelele. Ilibuniwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Kisha mwaka 1918 huko Marekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipeleka injini ya ndege mpaka kilele cha Pikes Peak, mlima wenye futi zaidi ya 14,000, akaijaribu huko pamoja na tabo na bila tabo, kwa sababu ndege zilikuwa zikiishiwa nguvu zinapopanda juu. Kwa tabo, injini ile ilipata tena nguvu zake za bondeni. Basi ugonjwa wa pikapu ya Timboroa ni ule ule wa ndege za wakati ule, na dawa ni ile ile. Moshi unaotoka kwenye ekzosi huzungusha feni ndogo, feni hiyo imeshikana kwa shafti moja na feni ya pili, na feni ya pili huvuta hewa ya nje na kuisindilia ndani ya injini. Nguvu iliyokuwa ikitupwa njiani imerudishwa kazini. Ni akili nzuri.

Lakini kuna hesabu ambayo matajiri hawaifanyi, na mafundi wengine pia, nayo ndiyo inayowaletea madereva matusi. Saa ya tabo inayofungwa karibu na dashibodi haisomi hewa yote iliyomo katika injini. Inasoma ile iliyozidi hewa ya nje. Ikisema 15 pale Mombasa, injini ina 15 na 14.7, jumla 29.7. Ikisema 15 pale Timboroa, injini ina 15 na 10.5, jumla 25.5. Sindano imesimama pale pale, na sehemu moja katika saba imekwisha potea. Tajiri anatazama sindano anasema, "Saa ni 15, gari ni zima, dereva ndiye mvivu." Ndugu zetu wamesemwa hivyo mbele ya wateja. Tafadhali mwonyesheni hesabu hii, hata kwa mkaa ukutani.

Akitaka ile 29.7 ya Mombasa kwa urefu wa Timboroa, ni lazima saa isome 19 na zaidi. Mombasa tabo ilikuwa inaikaza hewa mara mbili tu, huku juu inatakiwa kuikaza karibu mara tatu. Itapata wapi nguvu hizo? Kwa kuzunguka mbio zaidi. Na feni za tabo ya pikapu hata siku ya kawaida huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, juu ya utando mwembamba wa oili. Ukiilazimisha tabo ndogo kufanya kazi hii kila siku, itakufa. Kwa hivyo mafundi wanaosema "tufunge kubwa zaidi" wana haki kwa upande mmoja, kwa sababu feni pana husindika hewa nyingi bila kupita mbio zake. Upande wa pili, tabo kubwa inakawia kuamka. Dereva aliyesimama mlimani na mzigo akitaka kuondoka hukanyaga mafuta na kungoja, na akingoja anachoma klachi. Klachi ikiisha, anaulizwa nani? Pikapu za siku hizi zenye kompyuta hutambua zenyewe kwamba zimepanda juu, zikapunguza mafuta ili kuilinda tabo, na sasa kuna matajiri wanaolipa watu waidanganye hiyo kompyuta.

Baya kuliko yote ni njia ya bei rahisi. Fundi anaambiwa asinunue kitu chochote, akaze skrubu ya pampu tu, mafuta yaongezeke. Mafuta yakiongezeka na hewa haikuongezeka, matokeo yake ni moshi mweusi na moto mkali katika ekzosi. Mafundi wengi wa dizeli wanachukua kama nyuzi 700 za Selsiasi, kabla moshi haujaingia katika tabo, kuwa ni mpaka wa kutovuka kwa muda mrefu. Pikapu ngapi za kazi zina kipimo cha moto wa ekzosi? Tumetazama nyingi na hatukuona. Injini ya Toyota iitwayo 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, iliyomo katika Land Cruiser nyingi za pikapu katika nchi hii, ilitoka kiwandani bila tabo. Inaweza kufungiwa, na imefungiwa mara nyingi, lakini kwa presha ya kiasi na kwa kupima moto. Tena maji ya rejeta nayo hayapendi mlima. Kule juu maji yasiyofungiwa presha huchemka kwenye nyuzi 91 badala ya 100, na hewa nyembamba haiipozi rejeta vizuri. Kifuniko cha rejeta kilichochoka, ambacho Mombasa hakisumbui mtu, hapa huua injini.

Hayo ni ya kupanda. Sasa tunakuja kwenye neno lililotufanya tuandike.

Gari lililopanda lazima lishuke. Kutoka Timboroa kupita Mau Summit na Salgaa mpaka Nakuru ni kushuka karibu futi 3,000. Kutoka Kinangop kwenda Naivasha ni mteremko, na kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu ni mteremko. Sasa tazama ile sufuria nyeusi iliyo mbele ya pedali ya breki, ambayo mafundi huiita basta. Inafanyaje kazi? Pampu inanyonya hewa kutoka upande mmoja, na hewa ya nje inasukuma upande wa pili ili kuusaidia mguu wa dereva. Msukumo huo ni wa hewa ile ile nyembamba. Mombasa ilikuwa na 14.7 ya kusukumia, Timboroa ina 10.5 tu. Kwa maneno mengine, mlima unaoiba nguvu za injini unaiba pia msaada wa breki, na kwa kiasi kile kile. Tabo inairudishia injini nguvu zilizopotea. Breki hairudishiwi kitu, na huyo dereva, mwisho wa mlima, anatakiwa kukanyaga kwa nguvu zaidi kuliko mwenzake wa pwani ili asimamishe mzigo ule ule.

Je, ni mzigo ule ule? Hapana, na hapa ndipo penye udanganyifu. Pikapu ya tani moja ilikuwa inapanda na kilo 1,000 kwa shida. Shida hiyo ilikuwa kama askari aliyekuwa akimzuia tajiri. Tabo mpya ikifungwa, gari linapanda na kilo 1,500 bila kulia, na tajiri anaona amepata nusu ya gari bure. Lakini springi ni zile zile, ekseli ni ile ile, magurudumu ni yale yale, na bamba la kiwanda lililopigwa nambari za uzito halikubadilishwa na fundi yeyote. Pedi za breki ni za tani moja. Tabo haikuongeza kitu hata kimoja chini ya sakafu ya gari. Imeongeza uwezo wa kufika juu na mzigo ambao gari halikuumbwa kushuka nao.

Tunakumbuka tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani, lori lilipogonga magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na waliokufa wakazidi 50. Hatusemi ya kuwa tabo ndiyo iliyosababisha, na mtu asitusingizie hivyo. Twasema ni nyanda zile zile na mawe yale yale, na kila mwanachama anayepita hapo anajua vile moyo unavyofanya breki zinapoanza kunuka.

Wapo wanachama wanaotuambia, "Ninyi wa chama mnaingilia. Tabo imetuokoa. Tulikuwa tukifika saa tatu usiku, sasa tunafika saa moja." Ndugu, tumesikia, na ni kweli. Moshi umepungua, kubadili gia kumepungua, na dereva hashindi njiani akitukanwa na mabasi. Lakini tunawauliza jambo moja. Hizo saa mbili zilizookolewa, ni za nani? Katika mahali pawili tunapopajua, mwezi wa kwanza zilikuwa za dereva. Mwezi wa pili tajiri aliongeza safari moja kwa siku, mshahara ukabaki pale pale. Dereva sasa anashuka mteremko ule mara mbili, na mara ya pili anashuka usiku na macho mazito. Mashine nzuri ikija kazini bila mapatano, faida yake humpita mfanyakazi kando, uchovu wake humfikia mlangoni. Ndiyo sababu twasema mapatano yafanywe kabla ya spana kushikwa.

Tena kuna habari ya kukatwa mshahara. Mwanachama wetu mmoja, dereva wa maziwa, alipewa pikapu iliyofungwa tabo mpya. Fundi alitaka kubadilisha mrija mdogo wa kuleta oili kwenye tabo, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umejaa masizi ndani. Tajiri alikataa gharama hiyo. Wiki ya tatu tabo ilikosa oili mlimani ikavunjika, na dereva akaandikiwa barua ya kukatwa sehemu ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe, eti aliendesha vibaya. Mjumbe wetu wa kazini alimwita yule fundi, akauleta ule mrija, akapuliza ndani mbele ya meneja. Pumzi haikupita. Kukatwa kukasimama siku ile. Lakini ni wangapi waliokatwa bila mrija kuletwa mezani?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali yake, lakini uharibifu huo uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Tabo iliyokufa kwa sababu mlima ni mrefu, ama mrija ni mbovu, ama mzigo umezidi kwa amri ya tajiri, si kosa la makusudi la dereva. Usitie sahihi karatasi yoyote inayosema umekubali deni kabla ya kumwona mjumbe wako. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka ule ule, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi aeleze mkubwa wake akiona hatari kubwa, na mwajiri asimrudishe mahali pa hatari hiyo kabla haijatengenezwa. Breki zisizoshika kwenye mteremko wa Salgaa ni hatari kubwa. Hatuoni haja ya wakili kulijua hilo.

Neno kwa madereva wenyewe, maana chama si cha kumsema tajiri peke yake. Ukifika juu na tabo imewaka moto, usizime injini mara moja. Iache inguruma taratibu dakika mbili au tatu, oili iendelee kupita mpaka shafti ipoe. Kuna meneja mmoja aliyebandika karatasi kwamba injini izimwe mara gari likisimama, kwa kuokoa dizeli. Karatasi hiyo itamgharimu tabo nzima, na tumemwambia. Ukishuka, shuka na gia uliyopandia. Wale wanaoteremka na nyutro, na wengine hata kuzima injini ili wauze lita moja ya dizeli, wajue kwamba injini ikizimika pampu ya basta nayo inasimama, na msaada uliobaki ni wa mikanyago michache tu. Lita moja haitoshi hata kununulia sanda. Na fundi aliye mwanachama asikubali kukaza skrubu ya pampu kimya kimya. Aandike katika kitabu cha kazi ni nani aliyemwamuru.

Kwa matajiri tunataka mambo ambayo si mageni wala si ghali kuliko tabo yenyewe. Siku tabo inapofungwa, breki zikaguliwe siku hiyo hiyo, yaani pedi, mafuta ya breki, basta na pampu yake, na fundi atie sahihi. Saa ya tabo na kipimo cha moto wa ekzosi vifungwe mahali dereva anapoviona, maana hawezi kulaumiwa kwa moto asioonyeshwa. Mzigo ubaki ule wa bamba la kiwanda. Kwa magari yanayoshuka kila siku na mzigo mzima, breki ya ekzosi kama ile ya malori izungumzwe, ikifungwa na fundi anayejua, kwa sababu breki hiyo na tabo zinakutana katika bomba moja. Na idadi ya safari isiongezwe ila kwa mapatano yaliyoandikwa, pamoja na malipo yake. Kama tajiri ana fedha za kununua tabo, ana fedha za kununua pedi.

Mapendekezo haya yatapelekwa mbele ya kamati za matawi mwezi ujao. Ili tuzungumze na waajiri kwa hesabu wala si kwa hasira, tunaomba kila dereva wa pikapu ya nyanda za juu amletee katibu wa tawi lake karatasi yenye habari hizi. Gari ni la aina gani na injini yake ni ipi, tabo ilifungwa lini na iliagizwa na nani, uzito ulioandikwa kwenye bamba na uzito unaobebwa kweli, safari ngapi kwa siku kabla ya tabo na ngapi sasa, na pedi za breki zilibadilishwa mara ya mwisho tarehe gani. Jina la dereva halitatolewa nje ya kamati. Mataniboi pia waandike, kwa sababu wao ndio wanaopakia na wanaujua uzito kuliko sisi sote.